Jinsi ya kuandika intafesi kwenye Java na kuitekeleza, hatua kwa hatua

Kabla ya kodi yoyote niseme kitu kimoja manake ndo kinachowapoteza wengi: intafesi, yani orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo bila kusema zinafanyaje kazi, haiandikwi kwa kuangalia klasi uliyonayo, inaandikwa kwa kumwangalia yule atakayeiita. Wengi wanafanya kinyume, mtu ana klasi yenye methodi kumi na tano, anazinakili zote kwenye faili jipya, anaweka neno `interface` juu, anasema tayari. Hapo hamna kilichobadilika, ni klasi ileile ina majina mawili, na siku ukitaka kuleta klasi ya pili utakuta nusu ya zile methodi haziihusu kabisa.

Mimi hili nililielewa kwa njia mbaya. Niliwahi kuandika programu ya kukumbusha wagonjwa muda wa dawa, na ndani ya klasi inayohesabu masaa nikaunda mulemule objekti ya kutuma meseji, kwa `new`. Ilifanya kazi vizuri tu. Shida ilianza siku natafuta kosa la hesabu, kila nikiiendesha programu ili nione imehesabu nini meseji inaondoka kweli, inafika kwenye simu ya mtu kweli, usiku, kumwambia ameze dawa ambayo muda wake haujafika. Mtu anaweza akarudia dozi kwa ajili hiyo. Tangu hapo kitu chochote kinachogusa dunia ya nje, yani meseji, faili, saa, mtandao, nakiweka nyuma ya intafesi, na mfano huohuo wa dawa ndo tutautumia hapa mwanzo mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Jiulize anayeita anahitaji nini

Chukua klasi inayohesabu muda wa dawa, tuiite `Kikumbusho`. Inahitaji mambo mawili tu kutoka nje. La kwanza, mtu wa kupeleka ujumbe. La pili, kujua sasa hivi ni saa ngapi. Haihitaji kujua ujumbe unaenda kwa simu au kwa barua pepe, haihitaji kujua nywila ya huduma yoyote, wala haijali kama mtandao una kasi. Kwahiyo intafesi zetu ni mbili na kila moja ina methodi moja:

```java
// Mjumbe.java
public interface Mjumbe {
    void peleka(String anwani, String ujumbe);
}
```

```java
// Saa.java
import java.time.LocalDateTime;

public interface Saa {
    LocalDateTime sasa();
}
```

Angalia hakuna neno `public` mbele ya methodi. Ndani ya intafesi methodi isiyo na mwili ni `public abstract` yenyewe bila kuambiwa, ukiandika haina ubaya ila ni kujaza maneno. Na ukiweka kigeu ndani ya intafesi kinakuwa `public static final` papo hapo, yani hakibadiliki tena na kila objekti inakiona kilekile, kwahiyo usije ukadhani unaweza kutunza hali ya objekti humo. Intafesi haina konstrakta pia, yani ile sehemu ya kuundia objekti, huwezi kusema `new Mjumbe()` peke yake.

Kuhusu majina, mimi nashauri intafesi ipewe jina zuri na fupi la kazi yenyewe, `Mjumbe`, na klasi ndo ziongezewe neno la kuzitofautisha, `MjumbeSkrini`, `MjumbeFaili`. Kuna wanaoweka herufi I mbele ya kila intafesi, kwenye C# ni kawaida kabisa na ukiwa huko ifuate, ila kwenye Java haijazoeleka na haimsaidii msomaji.

Hatua ya 2: Andika anayeita kabla ya anayeitwa

Hapa wengi wanashangaa, manake hatujaandika bado klasi hata moja inayotekeleza `Mjumbe`, ila tunaweza kuandika `Kikumbusho` chote na kikakubaliwa na kompaila, yani programu inayokagua kodi na kuitafsiri:

```java
import java.time.LocalDateTime;

public class Kikumbusho {
    private final Mjumbe mjumbe;
    private final Saa saa;
    private LocalDateTime doziYaMwisho;

    public Kikumbusho(Mjumbe mjumbe, Saa saa) {
        this.mjumbe = mjumbe;
        this.saa = saa;
        this.doziYaMwisho = saa.sasa();
    }

    public void kagua(String anwani) {
        LocalDateTime zamu = doziYaMwisho.plusHours(8);
        if (!saa.sasa().isBefore(zamu)) {
            mjumbe.peleka(anwani, "Muda wa dawa umefika");
            doziYaMwisho = zamu;
        }
    }
}
```

Soma konstrakta kwa makini. `Kikumbusho` hakiundi mjumbe, kinapokea mjumbe. Hamna `new` ya kitu cha nje humu ndani, na hii ndo tofauti yote kati ya intafesi inayokusaidia na intafesi ya mapambo. Ukiandika `private final Mjumbe mjumbe = new MjumbeFaili(...)` ndani ya klasi hii umejifunga palepale, jina la intafesi lipo lakini huwezi kubadilisha kitu bila kuja kufungua klasi hii tena.

Hatua ya 3: Tekeleza

Sasa tunaleta klasi ya kwanza, rahisi kabisa, inaandika kwenye skrini:

```java
public class MjumbeSkrini implements Mjumbe {
    @Override
    public void peleka(String anwani, String ujumbe) {
        System.out.println(anwani + ": " + ujumbe);
    }
}
```

Neno ni `implements`, sio `extends`. Klasi inarithi klasi moja tu kwa `extends` lakini inaweza kutekeleza intafesi nyingi itakavyo, unazitenganisha kwa koma, mfano `implements Mjumbe, AutoCloseable`. Java ilikuja hivi tangu toleo la kwanza mwaka 1996, wabunifu wake walikwepa ule urithi wa klasi nyingi wa C++ na wazo la intafesi wakalichukua kwenye protokali za Objective-C.

Hapa ndo makosa ya kompaila yanapoanza kumiminika kwa anayejifunza, na kwakuwa yanaandikwa kwa Kiingereza kirefu watu wanaogopa bure. Ni manne ndo yanajirudia.

Ukikuta `MjumbeSkrini is not abstract and does not override abstract method peleka(String,String) in Mjumbe`, maana yake umeahidi `implements` ila methodi haipo, au ipo lakini vigezo vyake, yani vile vya kwenye mabano, havilingani. Angalia kwanza aina za vigezo, manake ukiandika `peleka(String anwani)` yenye kigezo kimoja hiyo ni methodi nyingine kabisa machoni pa kompaila hata kama jina ni lilelile.

Ukikuta `attempting to assign weaker access privileges; was public`, umesahau `public` mbele ya methodi ndani ya klasi. Kwenye intafesi tuliiacha kwasababu inakuja yenyewe, kwenye klasi haiji yenyewe, lazima uandike. Hili ndo naliona mara nyingi kuliko yote.

La tatu, `method does not override or implement a method from a supertype`, linatoka pale ulipoweka `@Override`, alama ya kuiambia kompaila kwamba methodi hii inatimiza ile ya intafesi, halafu jina umelikosea, umeandika `pelka` mfano. Hii ni zawadi, usiiondoe `@Override` ili kosa linyamaze. Kuiweka kwenye methodi za intafesi kuliruhusiwa kuanzia Java 6 kwahiyo ukisoma kodi ya zamani sana usishangae kutoikuta.

La nne linahitaji maelezo zaidi kidogo. Tuandike mjumbe wa kuandika kwenye faili. `Files.writeString`, ambayo ilikuja na Java 11, inatupa `IOException`, na hii ni eksepsheni, yani taarifa ya kosa linalotokea programu ikiendeshwa, ambayo lazima uitangaze au uidake. Ukijaribu kuongeza `throws IOException` kwenye methodi yako kompaila itakataa na kusema `overridden method does not throw IOException`. Na ina haki kukataa, kwasababu `Kikumbusho` kinamwita `Mjumbe` kikiwa hakijaambiwa kuna hatari ya namna hiyo, haiwezekani mtekelezaji mmoja aje aongeze masharti ambayo anayeita hakuyakubali. Kwahiyo unaidaka ndani na kuifunga kwenye ile isiyolazimu kutangazwa:

```java
import java.io.IOException;
import java.io.UncheckedIOException;
import java.nio.file.Files;
import java.nio.file.Path;
import java.nio.file.StandardOpenOption;

public class MjumbeFaili implements Mjumbe {
    private final Path faili;

    public MjumbeFaili(Path faili) {
        this.faili = faili;
    }

    @Override
    public void peleka(String anwani, String ujumbe) {
        try {
            Files.writeString(faili, anwani + ": " + ujumbe + "\n",
                StandardOpenOption.CREATE, StandardOpenOption.APPEND);
        } catch (IOException e) {
            throw new UncheckedIOException(e);
        }
    }
}
```

Usiache ile `catch` tupu, tafadhali. Ujumbe wa dawa umeshindwa kuandikwa na programu inaendelea kama vile mambo ni shwari, huo ni uongo kwa aliyeita.

Hatua ya 4: Andika ya bandia na uijaribu

Hii hatua ndo naipenda kuliko zote na kwa maoni yangu ndo sababu ya kwanza ya kuwa na intafesi, kabla hata ya hiyo habari ya "kesho tunaweza kubadilisha mtoa huduma". Tunaandika mjumbe ambaye hapeleki popote, anakumbuka tu alichoambiwa, na saa ambayo tunaisogeza wenyewe kwa mkono.

```java
import java.util.ArrayList;
import java.util.List;

public class MjumbeBandia implements Mjumbe {
    private final List<String> zilizoenda = new ArrayList<>();

    @Override
    public void peleka(String anwani, String ujumbe) {
        zilizoenda.add(anwani + ": " + ujumbe);
    }

    public int idadi() {
        return zilizoenda.size();
    }
}
```

```java
import java.time.LocalDateTime;

public class SaaBandia implements Saa {
    private LocalDateTime muda;

    public SaaBandia(LocalDateTime mwanzo) {
        this.muda = mwanzo;
    }

    public void mbele(int masaa) {
        muda = muda.plusHours(masaa);
    }

    @Override
    public LocalDateTime sasa() {
        return muda;
    }
}
```

Halafu ndani ya `main` au kwenye testi yako:

```java
MjumbeBandia mjumbe = new MjumbeBandia();
SaaBandia saa = new SaaBandia(LocalDateTime.of(2024, 3, 1, 6, 0));
Kikumbusho k = new Kikumbusho(mjumbe, saa);

saa.mbele(7);
k.kagua("mgonjwa-1");
System.out.println(mjumbe.idadi()); // 0

saa.mbele(1);
k.kagua("mgonjwa-1");
System.out.println(mjumbe.idadi()); // 1
```

Masaa nane yamepita ndani ya kufumba na kufumbua, hamna mtu aliyeamshwa. Sasa rudi kwenye `Kikumbusho` uone ule mstari wa `if`. Nimeandika `!isBefore`, yani "sio kabla". Jaribu kuubadilisha uwe `saa.sasa().isAfter(zamu)`, ambao kwa kuusoma haraka unaonekana ni uleule, halafu endesha tena. Namba ya pili itatoka 0. Kwanini? Kwasababu saa nane kamili sio *baada ya* saa nane, ni yenyewe, kwahiyo mgonjwa atasubiri mpaka ukaguzi unaofuata. Kosa kama hili kwa saa ya kweli ungelitafuta siku nzima manake ungetakiwa uwepo pale dakika ileile, kwa saa ya bandia linaonekana mara moja na unaweza kulirudia utakavyo.

Kitu kingine cha kuona hapo: vigeu `mjumbe` na `saa` nimevitangaza kwa aina ya klasi, sio ya intafesi. Hapa ni sawa kwasababu nahitaji `idadi()` na `mbele()` ambazo intafesi haizijui. Sehemu nyingine zote tangaza kwa intafesi, `Mjumbe m = new MjumbeSkrini();`, na ni hivyohivyo kwa `List<String>` badala ya `ArrayList<String>` kushoto.

Hatua ya 5: Kama methodi ni moja, lambda inatosha

Tangu Java 8, mwaka 2014, intafesi yenye methodi moja tu isiyo na mwili unaweza kuitekeleza bila klasi, kwa lambda, yani kodi fupi unayoiandika palepale kwa mshale. Kwahiyo saa ya kweli haihitaji faili lake:

```java
Kikumbusho k = new Kikumbusho(new MjumbeSkrini(), LocalDateTime::now);
```

Na mjumbe wa haraka haraka:

```java
Mjumbe m = (anwani, ujumbe) -> System.out.println(ujumbe);
```

Ukitaka kompaila ilinde hali hiyo, weka `@FunctionalInterface` juu ya intafesi, mtu akija kuongeza methodi ya pili isiyo na mwili atakataliwa. Hii inakuonyesha pia faida ya kuziweka intafesi ndogo, ile yenye methodi kumi na tano hakuna wa kuiandikia lambda.

Hatua ya 6: Kuongeza methodi bila kuvunja za wenzio

Intafesi ikishatumiwa na watu, kuongeza methodi ni jambo la kuumiza, klasi zote zinazoitekeleza zinagoma kukompailiwa siku hiyohiyo. Waandishi wa Java wenyewe waliingia kwenye tatizo hili walipotaka kuongeza `stream()` kwenye `Collection`, ambayo ilishatekelezwa na klasi nyingi mno duniani, na ndo maana Java 8 ilileta methodi za `default`, zenye mwili wake:

```java
import java.util.List;

public interface Mjumbe {
    void peleka(String anwani, String ujumbe);

    default void pelekaKwaWote(List<String> anwani, String ujumbe) {
        for (String a : anwani) {
            peleka(a, ujumbe);
        }
    }
}
```

`MjumbeSkrini`, `MjumbeFaili` na wengine wote wanaipata bila kuguswa, na huduma yenye njia ya haraka ya kutuma kwa wengi inaweza kuiandika upya kwa namna yake. Lambda bado inafanya kazi manake isiyo na mwili imebaki ileile moja. Usiigeuze kuwa mahali pa kujazia mantiki yote lakini, ikianza kurefuka hiyo ni kazi ya klasi.

Ikitokea klasi yako inatekeleza intafesi mbili na zote zina `default` yenye jina na vigezo vilevile, Java haichagui kwa niaba yako, itakutaka uiandike mwenyewe, na ndani yake unaweza kumtaja unayemtaka kwa `Mjumbe.super.pelekaKwaWote(anwani, ujumbe)`.

Hatua ya 7: Timiza na yale ambayo kompaila haiyaoni

Kompaila inakagua majina, vigezo na aina ya kinachorudi. Maana haiikagui. Mfano mzuri uko ndani ya Java yenyewe, intafesi ya `Comparable`, yenye methodi moja `compareTo` inayorudisha namba hasi, sifuri au chanya. Watu wanaitekeleza kwa kutoa:

```java
return this.umri - mwingine.umri;
```

Kwa umri wa watu itakwenda, ila kwa namba kubwa zenye alama tofauti matokeo yanafurika kwenye `int`, hasi inageuka chanya, orodha inapangwa ovyo na kompaila haijasema neno. Andika `Integer.compare(this.umri, mwingine.umri)`, ipo tangu Java 7.

Na kuna la ndani zaidi. Chukua `new BigDecimal("2.0")` na `new BigDecimal("2.00")`. `equals` inasema ni tofauti kwasababu idadi ya desimali haifanani, `compareTo` inasema ni sawa. Ukiziweka zote kwenye `HashSet` utahesabu vitu 2, ukiziweka kwenye `TreeSet` utahesabu 1, manake `TreeSet` inaamini `compareTo`. Nyaraka za Java zinalitaja hili wazi, kwahiyo sio siri, ila asiyesoma atadhani amepoteza data.

Kwahiyo kwenye intafesi yako mwenyewe andika maelezo juu ya methodi: je `anwani` inaweza kuwa `null`? Ikishindikana kupeleka inatupa eksepsheni au inanyamaza? Ikiitwa mara mbili kwa ujumbe uleule, zinaenda mbili? Kwa `Mjumbe` wetu ningeandika hivi:

```java
/**
 * Hupeleka ujumbe mmoja kwa anwani moja.
 * Anwani na ujumbe visiwe null.
 * Ikishindikana hutupa RuntimeException, hainyamazi.
 */
void peleka(String anwani, String ujumbe);
```

Mistari mitatu tu, na atakayekuja kuandika `MjumbeBaruaPepe` hana haja ya kukuuliza.

Lini usiandike intafesi

Kama klasi ni ya hesabu tupu, haigusi nje, haina mtekelezaji wa pili na hutahitaji ya bandia, iache iwe klasi. Nimeshafungua miradi ambayo kila klasi inaishia na `Impl` na ina pacha wake wa intafesi, unabonyeza kufuata methodi unatua kwenye intafesi, unatafuta tena, unafika, ni mistari minne. Ukija kuihitaji baadae programu ya kuandikia kodi inaweza kukutolea intafesi kutoka kwenye klasi kwa mibonyezo michache, wewe kazi yako ni kufuta zile methodi ambazo anayeita hazimhusu.

Kwa wanaotumia lugha nyingine, C# inaweka nukta mbili badala ya `implements`, na kwenye Go huandiki tangazo lolote, aina ikiwa na methodi zinazotakiwa imeshatimiza. TypeScript nayo inaangalia umbo, hata bila `implements` kitu chenye umbo sahihi kinakubalika, na Python ina `Protocol` tangu toleo la 3.8. Hatua ya 1, 2 na 4 zinabaki vilevile kote huko, kinachobadilika ni maandishi tu.

Zoezi la kuanzia: fungua programu yako moja, tafuta kila mahali palipoandikwa `LocalDateTime.now()` katikati ya mantiki, toa, pitisha `Saa` kwenye konstrakta, halafu andika testi moja inayosogeza muda mpaka dakika ileile ya mpaka, kama tulivyofanya kwa masaa nane.